Mgahawa ulio chini ya fleti yangu unaomba leseni ya pombe. Nipinge au ninyamaze?

DerevaWaAlfajiri

Wadau, salaam. Mnaoishi Uingereza nisaidieni, maana siku zinahesabika na kichwa kimejaa.

Naendesha basi, zamu ya kwanza. Naamka saa 9 na dakika 20 usiku, saa 10 na robo niko depo. Kwa hiyo kulala kwangu ni saa 3 usiku, wakati wenzangu ndio kwanza wanawasha televisheni. Tunakaa ghorofa ya kwanza, mimi, mke wangu na kijana wetu wa miaka 15. Chini yetu palikuwa na duka la mazulia, na jirani mwema kuliko zulia sijampata: halikohoi, halicheki, halipigi muziki. Duka lilipofungwa wakaja mume na mke wakafungua mgahawa. Watu wazuri. Nilipoangushwa na mafua mwezi wa pili walinipandishia supu siku tatu mfululizo, na hela wakakataa.

Sasa Jumatatu nimekuta karatasi ya buluu mlangoni kwao. Wanaomba kuuza pombe mpaka saa 6 usiku Jumapili hadi Alhamisi, na mpaka saa 7 usiku Ijumaa na Jumamosi, ndani na kwenye ua wa nyuma. Ua wenyewe uko chini kabisa ya dirisha la chumba chetu cha kulala. Nikidondosha soksi, inatua kwenye sahani ya mteja.

Mke wangu anasema andika, pinga, pombe ni pombe. Wenzetu wa kikundi cha maombi wameshaanza kukusanya saini, na wamenipa barua niinakili kwa jina langu. Inaeleza ulevi, ndoa zinazovunjika na vijana wanaopotea. Mimi sinywi, lakini kila nikiisoma barua hiyo naona inasema watu wengine, sio hawa wa supu. Halafu nikikumbuka saa 9 na dakika 20, natafuta kalamu.

Naomba kujua: hao wa kaunsili (halmashauri ya hapa, inayotoa leseni) wanasikiliza kitu gani hasa? Nikiandika, jirani atajua ni mimi? Na je, mtu anaweza kupinga nusu?

---

Meneja_Jikoni

Kaka, pole na usingizi. Mimi nasimama upande wa pili wa huo mlango: nina leseni yangu binafsi ya kuuza pombe, ile ya pauni 37, na nimeshaomba leseni za jengo mara mbili. Nikikwambia wanachokiogopa waombaji, utajua cha kuandika.

Sheria ya England na Wales ni ya mwaka 2003, ilianza kutumika Novemba 2005. Inawataka madiwani wapime mambo manne tu: kuzuia uhalifu na fujo, usalama wa watu, kuzuia kero kwa umma, na kuwakinga watoto na madhara. Basi. Pombe kuwa dhambi, mtaa kuhitaji au kutohitaji baa nyingine, fleti yako kushuka thamani, hayo hayamo. Barua ya kikundi cha maombi itapokelewa, itawekwa pembeni, na uchungu wote ule utakuwa umekwenda na maji. Nasema hivyo nami ni mtu wa ibada.

Lakini sikia na hili. Asipoandika mtu hata mmoja, kaunsili haina hiari, inatoa leseni. Kikao hakiitishwi, diwani haulizwi. Ukikaa kimya ukidhani wataona wenyewe kwamba ua uko chini ya dirisha lako, ujue hakuna atakayekuja kuangalia. Una siku 28 tangu kesho yake ombi lilipopokelewa, na tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye karatasi hiyo hiyo ya buluu. Ipige picha leo, mvua huwa inazila.

Sasa kiini cha mambo, na hili nililijua baada ya kuungua. Ogopa ua, usiogope chupa. Mgahawa ukishapata ruhusa ya kuuza pombe inayonyweka pale pale, muziki kati ya saa 2 asubuhi na saa 5 usiku hauhitaji leseni nyingine, uwe wa bendi au wa spika, mradi wasikilizaji wasizidi 500. Sheria ililegezwa hivyo mwaka 2012 kwa muziki wa bendi, ikalegezwa tena 2015. Hata sharti la muziki likiandikwa kwenye leseni mpya, kwa kawaida linalala usingizi ndani ya saa hizo. Nimeona majirani wakipigania wiki nzima maneno "muziki uwe wa chini", wakayapata, wakashangilia, kisha saa 2 usiku spika ikafunguliwa na leseni haikuwasaidia kitu. Wewe omba ua ufungwe saa fulani na meza ziondolewe. Pasipo na meza hapana mteja, na pasipo na mteja nani atawasha spika?

Mengine ni madogo ila ndiyo yatakayokuamsha. Chupa tupu zikimwagwa kwenye pipa saa 6 usiku ni kama gari limegonga kabati la vyombo: omba zisimwagwe kati ya saa 4 usiku na saa 2 asubuhi. Wavutaji sigara watatoka mlango wa mbele: omba idadi yao iwekewe kikomo na wasitoke na glasi. Omba pombe iuzwe kwa mtu aliyekaa na kuagiza chakula, apelekewe mezani. Hilo la mwisho halimuumizi mwenye mgahawa wa kweli, linamuumiza yule anayetaka baa yenye sahani mbili za kuzugia.

Kupinga nusu ndiko kunakosikilizwa. Na kabla hujaandika, shuka ngazi ukabishe hodi. Supu ya siku tatu ina deni lake.

---

MamaWawili_Glasgow

Mimi sikubaliani na Meneja hapo kwenye jambo la "mtaa kuhitaji". Huku kwetu tulipinga duka la pombe kwa hoja kwamba maduka yamejaa na afya ya watu inaharibika, na bodi ya leseni ikatusikiliza vizuri tu. Afya ya umma imo kwenye sheria, nimeisoma mwenyewe. Kaka andika habari za afya, usiogope.

---

Karani_Mstaafu

Mama, umesema kweli, ila kweli yako ni ya Scotland. Huko sheria ni nyingine, ya mwaka 2005, ina malengo matano, na la afya ya umma limo. Kuna na kipengele cha wingi wa maduka kupita kiasi. Ukivuka mpaka kuja England, lengo hilo la tano hulikuti. Hapa wingi wa baa unapata uzito hasa pale kaunsili yenyewe ilipokwisha kutangaza kwamba eneo fulani limeelemewa. DerevaWaAlfajiri aangalie kwenye sera ya leseni ya kaunsili yake kama mtaa wake umetajwa. Usipotajwa, hoja hiyo itamtaka alete ushahidi wake mwenyewe, na si kazi rahisi.

Mimi niliandika kumbukumbu za vikao hivi miaka mingi. Nijibu yale aliyouliza ambayo Meneja ameyaruka.

Jirani atajua? Ndiyo. Barua inakwenda kwa mwombaji ikiwa na jina na anwani. Kuficha jina ni kwa hali za pekee sana, kwa mfano mtu ana sababu ya kweli ya kuogopa kudhuriwa. Kuona haya kwa ajili ya supu hakumo.

Saini za kikundi: tangu 2012 mtu yeyote anaweza kuandika, hata anayeishi mbali. Ila diwani anaposoma saini 40 na 35 ni za watu wasioweza kuisikia ile kelele, hamheshimu mwenye karatasi, anamwonea huruma. Nilikuwa nikiwatazama nyuso. Barua iliyofanya kalamu zao zisogee ni ile inayosema: dirisha langu liko hapa, ua uko pale, naamka saa fulani, jambo fulani lilitokea tarehe fulani. Ukurasa mmoja. Na taja lengo lako kwa jina lake, "kuzuia kero kwa umma", ili ofisa asipate sababu ya kuirudisha.

Halafu kuna mtego. Kwenye kikao unaruhusiwa kufafanua ulichoandika, huruhusiwi kuleta hoja mpya. Kama wavutaji sigara hawamo kwenye barua, usiwafufue siku ya kikao, mwanasheria wa mwombaji ataruka kama chura. Kwa hiyo kila kero unayoihofia iwe na angalau sentensi moja.

Harufu ya jikoni na feni ya kutolea moshi usizichanganye humo, kwa kawaida hizo hupelekwa idara ya mipango miji. Ruhusa ya mipango na leseni ya pombe ni milango miwili tofauti, na mgahawa unaweza kupewa saa hizi huku na saa zile kule.

---

Mtafutaji_Mwenzenu

Mbona mnamfundisha mtu kumbania mtafutaji mwenzake? Hao watu wameweka akiba yao yote hapo. Mgahawa usio na pombe huku haudumu, faida iko kwenye kinywaji. Mtu amekupa supu ukiwa mgonjwa, wewe unampelekea barua kwa kaunsili. Hamia kijijini ukalale.

---

DerevaWaAlfajiri

Mtafutaji, nimekusikia, na umenigusa pale pale ninapoumia. Ila na mimi natafuta. Natafutia saa 9 usiku, nikiwa na abiria 70 nyuma yangu, na nikisinzia siumii peke yangu.

Nimeshuka, Meneja. Nilikwenda saa 10 jioni wakiwa wanapanga meza. Nilifanya makosa ya kuanza na habari ya hali ya hewa, nikazunguka robo saa nzima, mpaka mama mwenyewe akaniambia, "Umekuja kwa ajili ya ile karatasi." Akavuta kiti.

Kumbe zile saa hawakuzichagua wao. Walimlipa mshauri awajazie fomu, akawaambia ombeni nyingi, mtapunguziwa. Wao wenyewe wanafunga jiko saa 4 na nusu usiku, sasa hiyo saa 7 wangekuwa wanamuuzia nani? Mume alipouliza dirisha letu ni lipi, nilimpeleka uani nikamwonyesha. Aliangalia juu, akaangalia meza, akasema neno la lugha yao nisilolijua, ila sauti yake niliielewa.

Lakini ua hataki kuuachia. Anasema majira ya joto ndiyo yanayolipa kodi ya pango, meza sita za nje ni theluthi ya viti vyake. Nikamwambia basi mpaka saa 3. Akasema saa 5. Tumeachana hapo, kwa salamu nzuri.

Nimeandika ukurasa mmoja. Nimetaja ua, chupa, wavutaji sigara, saa za mwisho na mlo wa mezani. Barua ya kikundi nimeirudisha bila saini. Mke wangu hasemi na mimi tangu jana jioni, amenisemesha kupitia kijana: "Mwambie baba yako chumvi iko pale."

---

Meneja_Jikoni

Umefanya sawa. Sasa andaa daftari: kila wanapokaa uani kabla ya kikao, andika tarehe, saa, na ulichosikia. Usiongeze chumvi (hiyo mwachie shemeji). "Saa 4 na dakika 10, kicheko, viti kuburutwa" inatosha.

Na usishangae wakikuletea barua ya kukubaliana kabla ya kikao. Mwombaji anaruhusiwa kupunguza ombi lake, na pande zote zikiridhika kikao chenyewe kinaweza kufutwa. Polisi hufanya hivyo kila siku: wanapiga simu, wanataka kamera zenye kuhifadhi picha siku 31, wanataka kila anayeonekana chini ya miaka 25 aulizwe kitambulisho, mwombaji anakubali, wao wanaondoka.

---

DerevaWaAlfajiri

Nimerudi, kikao kilikuwa jana. Samahani kwa urefu, lakini mlinibeba nami lazima niwape yote.

Barua ya makubaliano ililetwa kweli, wiki moja kabla. Saa za kuuza pombe walizishusha wenyewe: saa 5 usiku siku za kazi na Jumapili, saa 6 usiku Ijumaa na Jumamosi. Chupa walikubali, mlo wa mezani walikubali. Ua, saa 5. Nikakataa kusaini, kwa hiyo kikao kikabaki kwa ajili ya jambo moja tu: ua.

Nilidhani nitakuta kitu kama mahakama. Ni chumba chenye zulia la kijivu na jagi la maji, madiwani watatu mezani, mwanasheria wa kaunsili pembeni, karani anaandika (nikakukumbuka, Karani). Nilikuja na sare ya kazi kwa sababu nilitoka moja kwa moja depo. Kila upande ulipewa dakika tano, sawa kwa sawa.

Mshauri wao akaanza. Alisema wateja wa mgahawa huu ni familia na wastaarabu, na kwamba mimi mwenyewe nimekiri kwenye barua yangu kuwa ni majirani wema. Nikajuta ule mstari. Kisha akasema kelele za muziki hazipo, spika hazitawekwa uani. Hapo nikajua kuwa Meneja alinipa dhahabu, maana diwani mmoja alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa akiridhika.

Zamu yangu ilipofika sikusoma barua. Nilisema: mimi sina ugomvi na muziki wala na pombe. Naamka saa 9 na dakika 20. Daftari hili lina siku kumi na moja ambazo watu walikaa uani bila pombe, na siku saba kati ya hizo niliamka. Wakati huo hawajanywa kitu zaidi ya soda.

Yule mama diwani wa katikati akauliza, dirisha lenu linafunguka? Nikasema linafunguka, na majira ya joto lazima lifunguliwe, chumba kiko juu ya jiko. Akauliza, kuna chumba kingine cha kulala upande wa barabarani? Nikasema kipo, analala kijana, na huko ndiko watakakosimama wavutaji sigara. Akaandika. Hakuuliza tena.

Kisha wakamgeukia mwenye mgahawa, sio mshauri. "Wewe binafsi, meza za nje hujaa saa ngapi?" Mshauri akataka kujibu, diwani akainua mkono. Jirani yangu akanyamaza kidogo. Angeweza kusema saa 4. Akasema, "Saa 12 mpaka saa 2 na nusu. Baada ya hapo baridi." Nilimwangalia. Hakuniangalia.

Wakatoka nje dakika arobaini. Waliporudi: ua ufungwe saa 3 usiku siku zote, meza na viti visitumike baada ya hapo, chupa zisimwagwe kati ya saa 4 usiku na saa 2 asubuhi, wavutaji sigara wasizidi wanne mbele ya mlango na wasitoke na kinywaji, wawe na namba ya simu ambayo majirani wanaweza kupiga wakati wote mgahawa ukiwa wazi. Saa za pombe kama walivyozishusha wenyewe. Wakatueleza kwamba yeyote asiyeridhika ana siku 21 za kukata rufaa kwa mahakimu, na kwamba mambo yakiharibika huko mbele mtu yeyote anaweza kuomba leseni ipitiwe upya.

Tulipanda basi moja kurudi, mimi na wao, wakakaa viti vya mbele yangu. Vituo vitatu hakuna aliyesema neno. Kituo cha nne mama akageuka akaniuliza kijana wangu mtihani lini.

---

Karani_Mstaafu

Saa 3 ni ushindi mkubwa, usiuone mdogo. Na huyo mwenye mgahawa amejisaidia kuliko mshauri wake alivyomsaidia. Madiwani wanamkumbuka mtu aliyesema kweli kinyume cha faida yake. Akirudi mwaka kesho kuomba saa moja zaidi, watamsikiliza.

---

Mtafutaji_Mwenzenu

Hapo kwenye basi mmenimaliza. Nafuta ile ya kijijini.

---

DerevaWaAlfajiri

Mtafutaji, imefutika.

Swali moja la mwisho. Leseni imeshaanza kazi, ua unafungwa saa 3 kamili, nasikia kabisa viti vikipangwa taratibu. Shemeji yenu amerudi kusema nami moja kwa moja. Lakini wameleta jokofu la bia, kubwa kama kabati, wameliegemeza ukutani chini ya kitanda changu. Linaunguruma dakika nane, linanyamaza dakika tano, usiku kucha. Hilo halikuwa kwenye barua ya mtu yeyote. Linahusu idara gani?

---

Meneja_Jikoni

Kwanza shuka ngazi. Mwambie alisogeze mbali na ukuta na aliwekee raba nene miguuni, ni kazi ya dakika kumi. Likiendelea, idara ya afya ya mazingira, hao ndio watu wa kelele. Daftari bado unalo?

---

DerevaWaAlfajiri

Ninalo. Nashuka sasa hivi, nimebeba na bakuli lao.